Kigae cha Udongo Katika Vazi la Shaba Kongwe

Katika mji wa Lubumbashi si ajabu mgeni akaribishwaye sebuleni kuona ukutani picha ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo: mwanamke anayetwanga, mvuvi aliye katika mtumbwi wake, au kichwa cha tembo. Kazi hiyo ya mikono imelitambulisha eneo la Katanga kwa miaka mingi, na jina la madini yenyewe lilipata kuwa jina la jimbo zima, kwani tangu 1971 hadi 1997 Katanga iliitwa Shaba. Zamani zaidi mafundi wa nchi hiyo waliyeyusha shaba na kuimimina katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misalaba midogo ya namna hiyo imezikwa pamoja na maiti.

Kwa hiyo si jambo la kushangaza mwenye nyumba apendaye mapambo akitamani kuwa na vigae vya shaba ukutani pake, tena si shaba mpya ing'aayo kama sarafu iliyotoka kiwandani, bali shaba kongwe, yenye weusi katika mabonde ya nakshi na kijani hafifu pembezoni. Lakini tamaa hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza ni ya fedha: bei ya shaba hufuata soko la dunia, na si kila mshahara unaweza kuifuata huko. Ya pili ni nzito kuliko hiyo. Shaba inayouzwa kichochoroni kwa bei ya kutupa, bila stakabadhi na bila muuzaji kusema alikoitoa, huenda jana ilikuwa waya wa umeme uliowaangazia watu wa mtaa mwingine, au sehemu ya mtambo uliosukuma maji ya kunywa. Pambo lililoitia giza nyumba ya jirani haliwezi kuwa pambo la kujivunia.

Iko njia ya tatu, nayo haihitaji hata gramu moja ya shaba. Kigae cha kawaida cha udongo uliochomwa, rangi kidogo na subira vyaweza kuleta sura ile ile inayotamaniwa. Walakini wengi waliojaribu wameishia kupata kigae kilichopakwa kijani tu, ambacho mtazamaji hawezi kukidhania kuwa shaba hata akiwa mbali. Kosa lao halikuwa katika mkono wala katika brashi. Walianza kuiga kabla ya kujua kitu wanachokiiga.

Jinsi shaba inavyozeeka

Shaba mpya ina rangi ya machungwa yenye wekundu. Ikiachwa katika hewa, oksijeni huishika juu, na utando mwembamba wa kahawia nyekundu huifunika. Miezi na miaka ikipita utando huo huzidi kuwa mzito, ukawa kahawia iliyokolea, kisha karibu na weusi. Ni baada ya hapo tu ndipo kijani kinapotokea, pale ambapo maji ya mvua, hewa ya ukaa na gesi za salfa zilizomo hewani zimepata muda wa kuungana na shaba. Pwani, chumvi ya bahari nayo huingia katika muungano huo. Kwa hiyo kijani ndicho cha mwisho kufika, na chini yake siku zote uko weusi au ukahawia.

Mfano unaojulikana duniani kote ni Sanamu ya Uhuru iliyoko New York, Marekani. Ilipozinduliwa mwaka 1886 ngozi yake ya mabamba ya shaba, yenye unene wa milimita 2.4 hivi, ilikuwa ya rangi ya kahawia. Kabla ya kufika 1920 ilikwisha kugeuka kijani mwili mzima, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kijani hicho hakiili sanamu kama kutu inavyokula chuma. Kimeshikamana na shaba na kuikinga, kwa sababu utando ukishakamilika hewa na maji hupata shida kuifikia shaba iliyo chini.

Jambo jingine la kuangaliwa ni mahali ambapo kijani hukaa. Maji ya mvua hutiririka kutoka juu kwenda chini na kutuama penye mabonde, pembe na mikunjo. Huko ndiko kijani hukolea. Sehemu zilizoinuka, ambazo huguswa na mikono au kupanguswa na kitambaa, hubaki na rangi ya shaba hata baada ya miaka mingi. Anayetaka kulithibitisha hilo na akitazame kitasa cha zamani cha shaba: panaposhikwa na vidole hung'aa, na penye kona pana giza.

Basi utaratibu wa kazi umekwisha kupatikana. Weusi hutangulia, shaba hufuata katika sehemu zilizoinuka, na kijani huja mwisho, kikiwa kichache na kikiwa mahali pake.

Rangi au dawa

Zipo njia mbili za kupata sura hiyo juu ya kigae. Njia ya kwanza hutumia rangi maalumu yenye unga wa shaba halisi, ambayo baada ya kupakwa hunyunyiziwa maji ya siki na chumvi, na mara nyingine amonia, ili unga ule uzeeke kweli kwa muda wa saa chache. Matokeo yake hupendeza, lakini kijani kinachozaliwa hapo ni kutu ya shaba yenyewe, nayo ni sumu. Ndiyo sababu wahenga wa jikoni walitia bati ndani ya sufuria za shaba, ili vyakula vyenye ukali kama ndimu na nyanya visiguse madini. Mkulima wa kahawa naye anaujua mrututu, dawa ya buluu anayoichanganya na chokaa ili kuzuia magonjwa ya majani. Huo nao ni chumvi ya shaba, na hakuna mkulima auwekaye kwenye kabati la sukari.

Amonia ina hatari yake pia. Mvuke wake huchoma macho na koo, na ikichanganyika na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, huzaa gesi ya sumu iwezayo kumdhuru mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, na hasa kwa jikoni, njia hii haifai.

Njia ya pili ni ya rangi peke yake. Hapa hakuna kinachozeeka. Jicho ndilo linaloelezwa habari za uzee. Hii ndiyo njia inayofaa nyumbani, na ndiyo itakayofuatwa hapa.

Hata hivyo njia hii nayo ina onyo lake. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo kuukuu lisilo na maandishi isitumiwe, hata kama imetolewa bure. Rangi nyingi za zamani, na baadhi ya zinazouzwa hata sasa, zina risasi, hasa zile za manjano, nyekundu na kijani kikali. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kilichothibitishwa kuwa salama. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa rangi za nyumbani ni kisichozidi sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi. Mnunuzi na achague rangi ya maji yenye maandishi kwenye kopo yasemayo kwamba haina risasi.

Vifaa vinavyotakiwa

Kwa kuanzia, vigae 12 vya ukutani vya sentimita 15 kwa 15 vinatosha. Vikipangwa kwa safu mbili hufanya ukanda mzuri juu ya meza ya chumba cha kulia au kuzunguka kioo. Eneo lake lote halifiki theluthi ya mita ya mraba. Kwa kuwa lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita 10 za mraba, mkono mmoja wa rangi juu ya vigae vyote 12 hautumii zaidi ya vijiko viwili vikubwa. Kwa hiyo makopo madogo kabisa yatosha, na majirani wawili au watatu waweza kuchanga na kugawana.

Vigae vyenye nakshi zilizoinuka hufaa kuliko vile vilivyo laini, kwa sababu kazi yote hutegemea vilima na mabonde. Vifaa vingine ni hivi: msasa laini wa namba 220, sabuni, spiriti ya kusafishia, rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya kushika vitu vitelezi, rangi za maji za kahawia, nyeusi, nyeupe, kijani na buluu kidogo, kopo dogo la rangi ya shaba yenye kumeta, vanishi ya maji isiyong'aa, brashi mbili, kipande cha sifongo, na vitambaa safi vya pamba. Kigae kimoja kilichovunjika kiwekwe kando kwa majaribio. Fundi mwenye busara hukosea juu ya kigae kibovu, asikosee juu ya kizima.

Kazi yenyewe

Kwanza vigae vioshwe kwa maji ya moto na sabuni ili mafuta yote yatoke, kisha visuuzwe na kukaushwa. Mng'ao wa juu ukwaruzwe kwa msasa uliolowekwa maji, mpaka kigae kipoteze ule utelezi wake. Msasa mkavu haufai, kwa kuwa hurusha vumbi ambalo halipaswi kuvutwa pumzi. Vumbi lote lililobaki lipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti, mbali na moto. Kuanzia hapo uso wa kigae usiguswe kwa vidole, maana jasho la kidole latosha kuifanya rangi ibanduke.

Pili ipakwe rangi ya msingi, mkono mmoja mwembamba, na iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Wengi huharibu kazi hapa kwa pupa. Rangi inayoonekana kavu juu huenda bado ni mbichi chini, na kila kitakachopakwa juu yake kitapasuka. Kuacha usiku mzima kupita si hasara.

Tatu ni weusi. Sehemu tatu za kahawia zichanganywe na sehemu moja ya nyeusi, na mchanganyiko huo upakwe mara mbili, mwembamba, uingie katika kila bonde la nakshi. Kigae sasa kitaonekana kibaya, nacho kinapaswa kuonekana hivyo. Huo ndio uzee ulio chini ya kila kitu kitakachofuata.

Nne ni shaba. Brashi ichovywe ncha tu katika rangi ya shaba, kisha ifutwe juu ya karatasi mpaka ibaki karibu kavu. Ipitishwe kwa wepesi juu ya vilima vya nakshi, bila kushuka mabondeni. Mkono wa pili uongezwe kwa sifongo, kwa kugonga-gonga, ili rangi isiwe na mistari ya brashi. Weusi uachwe uonekane kati ya vilima. Ukifunikwa wote, kigae kitafanana na karatasi ya peremende.

Tano ni kijani, na hapa ndipo panapopimwa kiasi cha mtu. Nyeupe ichanganywe na kijani na tone la buluu mpaka ipatikane rangi hafifu, kama ya jani lililokaushwa lenye vumbi la chokaa. Sehemu moja ya mchanganyiko huo izimuliwe kwa sehemu tatu za maji. Kigae kisimamishwe wima, kwa sababu hata shaba ya ukutani hunyeshewa ikiwa imesimama, na maji ya kijani yadondoshwe juu ili yateremke yenyewe na kutuama mabondeni. Baada ya dakika moja au mbili, kabla hayajakauka, vilima vipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu. Kijani kilichobaki kisizidi theluthi ya uso. Vigae vyote 12 visifanane, kwani mvua hainyeshi kwa kipimo. Lakini upande wa juu wa kila kigae ukumbukwe na kutiwa alama nyuma, maana kigae kilichobandikwa kichwa chini huonyesha kijani kilichopanda mlima, na jicho hukataa mara moja hata kama mtazamaji hajui sababu.

Sita, kila kitu kikishakauka, ncha za nakshi zisuguliwe tena kwa brashi kavu yenye rangi kidogo sana ya shaba. Hizo ndizo sehemu ambazo mikono ya miaka mingi ingezigusa.

Mwisho ni vanishi, mikono miwili myembamba. Ichaguliwe isiyong'aa, kwa sababu shaba iliyozeeka haimeti. Vanishi ya mafuta iepukwe, maana yenyewe hugeuka manjano kadiri siku zinavyokwenda na kukiharibu kijani.

Kubandika na kutunza

Vigae viachwe wiki moja kabla ya kubandikwa, ili rangi ipate kukomaa. Gundi ya vigae hupakwa nyuma, na nyuma hapo pasiwe na rangi. Viungo vizibwe kwa saruji ya kijivu iliyokolea au ya kahawia, kwa kuwa viungo vyeupe hutangaza kwamba hivi ni vigae vya bafuni. Saruji itakayomwagika juu ya uso ipanguswe papo hapo kwa kitambaa laini chenye maji, kabla haijakauka.

Mahali pa kubandika pafikiriwe mapema. Kazi hii ni ya ukuta wa sebule, wa ukumbi au wa chumba cha kulia. Haifai sakafuni, ambako viatu vitaimaliza, wala ndani ya bafu penye maji kila siku, wala nyuma ya meko penye moto wa karibu. Kigae hicho kisigeuzwe sahani, kwa sababu rangi na vanishi havikutengenezwa kugusana na chakula. Kusafisha kwake ni kwa kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo. Steelwuli, unga wa kusugulia, ndimu na siki, ambavyo hung'arisha shaba halisi, vitaing'oa shaba hii ya kuiga.

Kitu na jina lake

Watu wengine, wakisha kufanya kazi hii nyumbani na kusifiwa na wageni, hupokea maombi ya kuwafanyia majirani, na mapambo huwa biashara ndogo yenye kuleta karo ya shule. Hilo ni jema. Lakini hapo ndipo jaribu linapoingia, kwani kadiri kazi inavyokuwa nzuri ndivyo inavyokuwa rahisi kuiita kwa jina lisilo lake.

Mnunuzi husimama mbele ya meza, akakigeuza kigae mkononi na kuuliza:

"Ndugu fundi, hii ni shaba?"

"Hapana, mama. Ni udongo uliopakwa rangi. Kiinue uone uzito wake, kisha utazame mgongo wake."

"Kumbe! Nami nilikuwa nimekwisha kuamini."

"Jicho limeamini, mama, nami nashukuru. Lakini fedha utakayotoa ni ya udongo na ya kazi ya mkono. Si ya shaba."

Fundi ajibuye hivyo hupoteza mnunuzi mmoja au wawili waliotaka kujidanganya. Yule anayenyamaza akalipwa bei ya shaba hupata faida ya siku moja, mpaka hapo mtoto wa mnunuzi atakapoangusha kigae na udongo mwekundu ukaonekana katika ufa. Baada ya siku hiyo hata kazi zake za kweli hazitaaminiwa, wala zile za mafundi wenzake wa mtaa huo.

Kuiga si kudanganya. Mchoraji huiga mto, na mchongaji huiga swala, wala hakuna ajaye na ndoo au mkuki. Kigae kilichofanywa kwa kufuata njia ambayo shaba yenyewe huipitia, weusi kwanza, mng'ao baadaye na kijani mwisho, kinastahili kusifiwa kwa jina lake halisi: udongo mzuri, uliopakwa na mtu aliyekuwa na subira. Ukuta wa namna hiyo haukumgharimu mwenye nyumba mshahara wa miezi, wala haukukata waya wa mtu yeyote, na jioni taa inapowashwa, kijani chake hafifu hupendeza vile vile.